Vijiti vya Anayesimama

Toledo, Ohio
Jumamosi, 3 Januari 1953

Baba mpendwa,

Ngoma yako ipo, mimi nipo, vijiti havipo.

Jana nilifika Ukumbi wa Zumaridi saa kumi na nusu jioni, nikavua koti, nikasimama nyuma ya ngoma kama mtu anayejua anachofanya. Nikafungua kabati lako. Ndani kulikuwa na kitambaa na nusu ya mkate wenye nyama ambayo sikutaka kuijua ni ya lini. Nikamuuliza Bwana Gaines vijiti viko wapi. Hakuinua hata uso kwenye piano. "Baba yako hulala navyo," akasema. "Kaenda navyo Dayton kula Krismasi kwa dada yake, kaanguka navyo kwenye barafu, na nina hakika hata huyo daktari wa mkono hakuruhusiwa kuvigusa." Clem aliangua kicheko mpaka besi ikataka kumponyoka. Nimepiga saa tatu nzima kwa vijiko vya mbao vya jikoni. Usicheke.

Bwana Gaines amelisema wazi mbele ya Clem: nafasi ni yako hadi Pasaka. Mimi naishikilia tu. Pasaka ikifika hujarudi, atatafuta mtu wake. Kwa hiyo mchana nashona magauni ya watu, na jioni nashikilia nafasi ya Baba.

Nitumie vijiti upesi, na uniambie hapo hupigwa kwa vijiti vya aina gani. Nilisahau jinsi pale palivyobanana. Meza ya kwanza iko karibu kiasi kwamba naweza kuwaibia wateja zeituni kwenye glasi. Na ngoma ni hiyo moja tu, mikono juu, pedeli ya mguu wa kulia inapiga kutoka chini, toazi pembeni dogo kama sahani ya chai. Sina pa kujificha. Wewe umesimama hapo miaka minne kwa mguu mmoja! Nyonga yangu imeanza kulalamika siku ya kwanza.

Mkono unaendeleaje? Jumatatu hatupigi. Naweza kupanda basi asubuhi nije nikuone.

Binti yako,
Ardelia


Dayton, 8 Januari 1953

Dee mwanangu,

Kwanza kabisa, usiipigie ngoma yangu vijiko. Hiyo ni ngozi ya ndama, si sufuria.

Pili, usije. Ni kifundo cha mkono tu, kimefungwa, kitafunguliwa, basi. Nyumba ya shangazi yako Hettie imejaa watu, hata mimi nalala kwenye kochi la sebuleni. Ghorofani pana baridi. Ukija utalala wapi, ndani ya jiko?

Tatu, vijiti. Hivi vitu havichaguliwi kwa macho. Nilikuambia ukiwa na miaka tisa, nakuambia tena: simama kwenye ngoma yenyewe, mguu wa kulia juu ya pedeli, uzito wote uwe wa kushoto, kisha shika kijiti usikilize kinakuvuta wapi. Kikikuvuta mbele, kirudishe. Mtu anayepiga amekaa ana kiti cha kumshika. Wewe huna chochote ila huo mguu mmoja.

Nakutumia jozi mbili za mwaloni. Hivyo ndivyo vya pale. Usivionee haya.

Hewa ikiwa na unyevu ngozi italegea, uijue hiyo. Toledo ina ziwa mlangoni. Kuna taa ndogo nimeifunga ndani ya ngoma, waya wake umetokea karibu na mguu wa nyuma. Iwashe saa moja kabla ya kuanza.

Mwambie Rayford Gaines nitarudi kabla hajanimisi.

Baba yako,
Lemuel Tibbs


Toledo, 17 Januari 1953

Baba,

Mwaloni umefika. Hivi ni vijiti au ni miguu ya kiti?

Sikiliza yaliyonikuta. Siku ya kwanza Clem alinisogelea katikati ya wimbo akaninong'oneza: "Dada, hiyo ngoma unaipiga au unaiadhibu?" Nikapunguza. Siku ya pili akaja Bwana Mabry, yule mwenye nyumba ya mazishi, akasimama mbele yangu na glasi mkononi kwa upole wote wa kazi yake. "Binti," akasema, "mimi kutwa nzima niko na watu wasionijibu. Nikija hapa nataka nimwambie mtu habari, naye anijibu nimsikie. Ni ombi kubwa?" Meza zote zikacheka. Nikapunguza tena. Vijiti hivi havipunguziki, Baba. Ukivigusa tu vinaita mtaa mzima.

Jana ndiyo imenimaliza. Tuko katikati ya wimbo wa polepole, Bwana Gaines mkono wa kushoto unaendelea kwenye piano, wa kulia ukachukua kitambaa cha meza, akakikunja mara nne, akanyoosha mkono akakilaza juu ya ngoma yangu. Watu wameona. Nimepiga kitambaa nusu saa kama mtu anayefua.

Nililia jikoni. Sasa umeshajua.

Wewe ulikuwa unavipigaje hivi hivi vya mwaloni watu wakanywa vinywaji vyao kwa amani? Mkono wangu una kasoro gani? Niambie bila kunihurumia. Na brashi je, za nyaya, nijaribu?

Ardelia


Dayton, 24 Januari 1953

Dee,

Kijiti si kitu. Mkono ndio kitu. Mkono mzuri ukipewa mpini wa jembe utanong'ona nao. Wako bado haujakomaa, si kosa lako, hukupewa muda. Vumilia, na Rayford naye avumilie. Kama ameona tofauti kati yako na mimi, basi angalau ana masikio.

Brashi ni za kufagilia. Lakini umeomba, kwa hiyo nimemtuma Hettie akatafute zangu za zamani kwenye sanduku. Nyaya zimepinda kidogo. Usizitoe zote nje ya mpini, zitoe nusu, fungu liwe jembamba, la sivyo utasikika wewe peke yako.

Mkono unapona. Mwezi wa tatu hautanikuta hapa. Jumatatu usije, nina miadi.

Baba


Toledo, Jumatatu, 9 Februari 1953

Baba,

Nimekaa kitako leo kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, kwa hiyo nakuandikia ndefu.

Brashi zilinipa siku tatu za raha. Watu wakazungumza, Bwana Mabry akanitumia soda. Kisha ukaja ukungu kutoka ziwani, ngozi ikalegea kama shavu la bibi kizee. Taa niliiwasha, ikasaidia chini, juu haikufua dafu. Brashi kwenye ngozi mbichi hazisemi kitu. Unafagia, unafagia, kimya. Ijumaa ukumbi ukajaa walimu waliopokea mshahara, Bwana Gaines akachangamsha wimbo, akanigeukia na macho yale yake: uko wapi? Nikarudi kwenye mwaloni, Bwana Mabry akaziba masikio. Brashi ni ndogo mno, vijiti ni vikubwa mno, na mimi katikati nabadilisha huku na huku mpaka nikaangusha kimoja ndani ya glasi ya mama mmoja.

Jumamosi asubuhi sikulala. Nilitembea humu chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho nikatoka, macho yakatua kwenye pazia la sebuleni kwa Bi Pruitt mwenye nyumba, lile la fito za mwanzi, limekatika nusu, analitunza kwa sababu yeye si wa kutupa kitu. Nikamwomba. Akaniambia, "Chukua, ila ukiuza nigawie."

Nikakata fito urefu wa dhiraa, nyembamba kama majani ya ufagio. Kumi na mbili pamoja zilikuwa laini mno. Ishirini na tano zikawa gogo. Kumi na tisa, Baba! Nimezifunga kwa uzi wa nta ninaoshonea makoti, mafundo matatu, la chini la kushikia, la kati, na moja dogo la juu ambalo nalisogeza. Likipanda, sauti inakaza. Likishuka, inatawanyika. Ni nyepesi na hazinivuti popote.

Nimepiga nazo Jumamosi jioni. Zikigonga zinasema wazi, kisha zinanyamaza kabla hazijamkera mtu. Ngozi mbichi, ngozi kavu, zote mamoja. Clem alipiga besi akinitazama mimi badala ya wanawake. Bwana Gaines alipomaliza wimbo wa mwisho akafunga piano, akasema, "Hm."

Kwa miaka minne alikuambia "Hm" mara ngapi?

Ardelia


Toledo, 20 Februari 1953
[Barua hii haikutumwa.]

Baba,

Jana Bwana Gaines alinikalisha jikoni akaniambia hataki tena kusikia habari ya kushikilia. "Baada ya Pasaka nakutaka wewe," akasema. "Si mpaka Lemuel arudi. Wewe. Mwandikie baba yako umwambie, ni vizuri asikie kwako kuliko kwangu." Nikamuuliza wewe ukirudi itakuwaje. Akasema, "Lemuel ni rafiki yangu. Lakini nina masikio."

Tangazo jipya liko mlangoni. Wameandika jina langu kwa rangi nyekundu. Nimelipita mara sita leo, na njia yangu ya kwenda dukani haipiti huko.

Naitaka hii nafasi. Naitaka mpaka nashindwa kula. Asubuhi nikishona mguu wa kulia unapiga pedeli chini ya meza mpaka bibi mkubwa wa duka ananikemea. Na ni yako. Ulinifundisha wewe, ukiwa umenisimamisha juu ya sanduku la sabuni. Nikuandikieje kwamba


Toledo, 21 Februari 1953

Baba mpendwa,

Huku kwema. Theluji nyingi. Clem anakusalimu. Hamna jipya kwenye kazi. Mkono umeshafunguliwa? Unadhani utarudi lini hasa, nijue tu.

Binti yako,
Ardelia


Dayton, 2 Machi 1953

Dee,

Mkono umepona kabisa. Ona herufi zangu zilivyonyooka.

Nimefikiri upya juu ya vijiti. Ule mwaloni utupe. Uwashie jiko, umpe mbwa, sitaki kusikia habari zake. Nilimtuma Hettie dukani alete jozi kumi na moja za mti wa hikori, wakamwazima kwa jina langu, na wiki nzima nimejifungia nazo hapa kwenye meza ya jikoni juu ya kitabu cha simu. Nimezipiga asubuhi, nimezipiga mchana, Hettie amehamia kanisani. Nimezirudisha nane. Hizi tatu ndizo bora, na katika tatu, yenye alama ya bluu ndiyo mfalme. Ina uzito mbele kidogo. Unaiachilia tu, inashuka yenyewe, mkono unapumzika. Kwa hiyo hata ukipiga polepole ngozi inaitika. Nimekuchagulia kwa moyo wangu wote, Dee, na hili uniamini hata kama hujawahi kuniamini.

Hayo mambo ya pazia ni akili nzuri ya mshonaji, lakini ngoma si dirisha. Nikija tutayazungumza. Ni wiki mbili hivi, tatu.

Baba


Toledo, Jumamosi, 7 Machi 1953

Baba,

Vijiti vimefika Alhamisi. Nimevijaribu vyote siku mbili, mbele za watu.

Vinanivuta. Jozi zote tatu, na huyo mfalme wako ndiye mbaya kuliko wote. Mguu wa kulia juu ya pedeli, uzito wa kushoto, kama ulivyonifundisha. Nikinyanyua kijiti nacho kinaniinamisha juu ya ngoma kama mtu anayechungulia kisima. Nimegonga ukingo. Nimegonga toazi nisilolitaka. Bwana Gaines alitazama kile kitambaa cha meza, nikarudi kwenye fito zangu.

Nikasema, haiwezekani. Baba amechagua kwa wiki nzima. Leo asubuhi nikalaza sanduku la nguo sakafuni, nikaweka mto juu, nikakaa kitandani, nikapiga.

Vilikuwa vitamu kama sukari. Kila kimoja. Mkono unapumzika, kijiti kinashuka chenyewe, sawasawa na ulivyoandika.

Nimekaa pale muda mrefu nimekishika, na mambo yakaanza kujipanga bila kuniuliza. Mkono umepona lakini hurudi. Unalala sebuleni tangu Krismasi, ngazi huzipandi. Brashi zako ziko kwenye sanduku lako mwenyewe, lakini kuzitafuta anatumwa shangazi. Dukani anaenda shangazi, wewe ambaye hujawahi kumruhusu mtu hata akubebee vijiti. Na Lemuel Tibbs, aliyenichapa vidole kwa kuchagua kijiti nikiwa nimekaa, amechagua jozi tatu kwa wiki nzima juu ya meza ya jikoni, na hakuna hata moja inayomfaa mtu aliyesimama.

Baba, mara ya mwisho ulisimama lini?

Usiniandikie habari za theluji. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sina baba wa akiba.

Ardelia


Toledo, 19 Machi 1953

Siku kumi na mbili. Jumatatu tarehe 23 nakuja, upende usipende. Nitalala ndani ya jiko.

A.


SIMU YA MAANDISHI
Dayton, 21 Machi 1953

USIJE. NIPE SIKU TATU. BARUA INAKUJA NA NI YA KWELI. BABA


Dayton, 24 Machi 1953

Dee,

Nimeanza barua hii mara tano. Hettie amekaa mbele yangu na sindano zake za kufumia, amesema hainuki mpaka nifunge bahasha.

Hakukuwa na barafu. Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, mezani, natia mchuzi juu ya mkate wa mahindi, na upande wa kulia ukaniacha. Kiharusi. Mkono ulirudi mwezi wa kwanza. Mguu haukurudi. Nasimama kwa magongo mawili kama muda wa kuimba ubeti mmoja, kisha nakaa. Mguu huo ndio wa pedeli. Daktari anasema labda mwakani, na akisema labda anatazama dirishani.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungemwambia Rayford, na Rayford asingengoja Pasaka. Miaka hamsini na nane nimekuwa mtu anayesimama. Sikujua niwe nani nikikaa.

Hilo ulilijua peke yako, vijiti vyangu vimenisaliti. Sasa nitakuambia usilolijua. Hettie ameacha kufuma, kwa hiyo ngoja niandike haraka.

Mwaloni ule sikuupigia pale hata siku moja. Ni vijiti vya gwaride. Nilivipiga mitaani nyuma ya tarumbeta kumi na mbili, mwaka uliozaliwa. Vijiti vyangu vya Zumaridi ni hikori vyepesi, viko hapa chini ya mto wangu wakati huu, Rayford hakukosea. Nilipopata barua yako ya kwanza nilivitoa nikavifunga kwenye karatasi nikutumie. Kisha nikawaza: akipiga vizuri je? Nikavifungua. Nikakutumia vile ambavyo nilijua vitawakera watu, ili Rayford ashike kichwa aseme, loo, arudi Lemuel.

Ukaniandikia kwamba umelia jikoni. Ukaniuliza mkono wako una kasoro gani. Nikakujibu kwamba haujakomaa.

Nimekuwa mlevi, nimekuwa mume mbaya kwa marehemu mama yako, hayo unayajua na umenisamehe. Hili sijui kama linasameheka. Zile hikori za mwezi huu nilizichagua kwa haki, nilitaka kujisafisha, na tazama, hata nilipotaka kukutendea mema sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimekaa na sikutaka kukubali kwamba nimekaa.

Mkono wako hauna kasoro yoyote. Haukuwahi kuwa nayo.

Baba yako,
Lemuel


Toledo, Jumapili ya Matawi, 29 Machi 1953

Baba,

Nimekasirika. Nimekasirika hadi nimeshona zipu ya Bi Pruitt nje ndani. Nilipiga kitambaa cha meza mbele ya watu sitini, na wewe ulikuwa unaijua sababu yake. Nilikuwa nainuka alfajiri kukanda vidole vyangu kwa maji ya moto ili vikomae. Hukunichapa sana nilipokuwa mdogo, sasa naona ulikuwa unaweka akiba.

Nilitaka niishie hapo na niweke stempu. Sikuweza, kwa sababu nami nina langu, na ni baya.

Tangu tarehe 19 Februari Bwana Gaines ameniambia nafasi ni yangu. Si ya kushikilia. Yangu. Aliniagiza nikuandikie, nikaandika, sikutuma, nikakutumia habari za theluji. Jina langu liko mlangoni kwa rangi nyekundu na nilipokuuliza utarudi lini nilikuwa naomba useme si leo.

Na ile asubuhi ya mto na sanduku la nguo, nilipoelewa kwamba huwezi kusimama, unajua kitu cha kwanza nilichohisi? Nilifurahi. Kabla ya kuogopa, kabla ya kukuhurumia, Baba, nilifurahi. Ilikuwa ni muda wa kupepesa jicho. Lakini ilikuwa ya kwanza, na niliisikia vizuri. Kisha ndiyo nikalia.

Kwa hiyo usiniombe msamaha kana kwamba mimi ni malaika. Tumefanana, ndio ubaya wake.

Bwana Gaines anataka jibu langu Pasaka, na sitalitoa bila neno lako. Si kwa sababu mimi ni binti mwema. Ni kwa sababu nikiichukua kimyakimya, kila nitakapopiga nitakusikia chini ya ngozi. Useme ndiyo au useme hapana. Ukisema hapana nitamwambia nimeacha, atafute mtu, na tutaona kama tutaweza kula meza moja tena.

Umekula lakini? Mwambie shangazi akupunguzie nyama ya nguruwe.

Ardelia


Dayton, Jumanne, 7 Aprili 1953

Dee,

Nilikuwa pale Zumaridi Jumamosi.

Usimgombeze Hettie. Nilimwambia kwamba nisipokuona ukipiga kwa macho yangu, jibu litakuwa la uongo, na uongo umeshatosha. Aliniendesha njia nzima akiimba tenzi, hajakanyaga baa tangu abatizwe, na tulipofika Toledo alibaki ndani ya gari na Biblia, vioo vimefungwa. Niliingia kwa magongo yangu mawili watu walipokuwa wanasongamana mlangoni. Nimekonda na nimefuga ndevu, kofia niliishusha mpaka kwenye nyusi. Nikakaa nyuma ya nguzo. Rayford aliniona. Hakuacha kupiga, aliniinamishia kichwa kidogo, kisha akakuanzishia wimbo wa mbio ili usipate nafasi ya kuinua macho.

Sikuja na moyo safi. Nilikuja kutafuta kosa. Nilipata mawili: wimbo wa tatu ulikimbia, na pedeli yako inachelewa ukichoka nyonga. Nilikaa nikiyashika hayo mawili kama mtu aliyeokota noti barabarani.

Kwenye meza ya jirani alikuwapo mama mmoja mnene mwenye kofia ya manyoya, na mumewe. Akanigeukia. "Mgeni hapa, baba?"

Nikasema ndiyo.

"Basi umebahatika. Ungekuja mwaka jana usingesikia hata jina lako. Kulikuwa na baba mmoja hapo kwenye ngoma, fundi, sikatai, fundi kweli. Lakini akianza yeye, sote tunafunga midomo. Mimi na huyu mume wangu tulikuwa tunaandikiana kwenye karatasi za kupangusia mikono. Au siyo, Horace?"

Horace akasema, "Bado ninazo."

Dee, huyo hakuwa na mwaloni. Huyo alikuwa na hikori vyepesi, vijiti vyake bora kabisa, na mkono wake bora kabisa. Miaka minne, nikianza kupiga, ukumbi ule ulikuwa unanyamaza. Nami nilikuwa nikirudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa heshima ile.

Nilikaa pale nikawasikiliza. Walikuwa wanaongea wote, wanataniana, wanaagiza, na wewe uko katikati yao na fito za pazia, husikiki na hukosekani. Hilo sijawahi kulifanya siku moja maishani. Sikujua hata kwamba linafanyika. Yule mama akaniuliza kama nina shida, mbona machozi. Nikamwambia moshi.

Jibu langu ni hili, na mpe Rayford leo, usingoje jioni. Sirudi. Wala usimwambie ni mguu. Hata kesho nikiamka naruka kamba, sirudi. Pale ni pako.

Jumatatu njoo. Kuna nafasi ya kulala, ghorofa nzima ni tupu.

Baba yako,
Lemuel Tibbs